Kupima Mkono wa Mchapaji

Neno lenyewe halina maana: .tie5Roanl. Linaanza na nukta, katikati lina tarakimu moja na herufi kubwa moja, na alama zake zote ni 10. Lilitolewa na programu ya kutunga nywila, kisha likarekebishwa kidogo ili lifanane na zile nywila ngumu ambazo wataalamu wa usalama hutuhimiza tuzitumie, nasi tukaitikia "sawa" na kuendelea na tarehe zetu za kuzaliwa. Watu 51 walilichapa neno hilo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani. Kila mmoja alilichapa mara 400. Waliosimamia kazi hiyo ni Kevin Killourhy, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu, na mwalimu wake Roy Maxion. Taarifa yao ilitoka mwaka 2009.

Swali lao lilikuwa jepesi kulitaja. Mwizi ameipata nywila yako yote, hakuna hata herufi moja iliyomponyoka. Anaketi, anaichapa. Je, kompyuta inaweza kujua kwamba vidole vile si vyako?

Kwamba mkono hujitambulisha kwa mwendo wake si habari ngeni. Aliyekulia kijijini hahitaji kuchungulia uani ili ajue ni nani aliye kwenye kinu. Mchi wa mama mmoja hauanguki kama wa jirani yake, ingawa mahindi ni yale yale. Wapiga telegrafu wa karne ya 19 walitambuana hivyo hivyo kupitia waya, na mwaka 1897 William Lowe Bryan na Noble Harter wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha uchunguzi wao kuhusu namna ujuzi huo wa kupiga na kupokea unavyojengeka mkononi na sikioni. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokuwa wakizisikiliza redio za Wajerumani waliweza kumfuata mpiga Morse kwa mpigo wake tu, hata pale ambapo ujumbe wenyewe ulikuwa umefungwa kwa siri na hawakuelewa neno hata moja.

Sikio la namna hiyo, hata hivyo, huenda na mwenye nalo. Kulihamishia kwenye mashine ni kazi nyingine kabisa, na jaribio la mapema linalokumbukwa sana ni la shirika la RAND huko California, lililotoa ripoti yake mwaka 1980. Makarani 7 wenye ujuzi wa kuchapa walipewa kurasa za kuchapa, na baada ya miezi 4 wakapewa zile zile tena. Watafiti hawakuangalia maneno. Waliangalia jozi za herufi, wakapima muda kati ya herufi ya kwanza na ya pili, na mwishoni wakaona kwamba jozi 5 tu, yaani in, io, no, on na ul, ziliweza kuwatenganisha makarani wale. Tazama kibodi yako: herufi zote za jozi hizo ziko upande wa mkono wa kulia. Ilikuwa kazi nzuri, lakini watu 7 ni wachache mno, na katika miaka iliyofuata kila mtafiti alikuja na watu wake, maneno yake na saa yake, kisha akatangaza asilimia zake. Hakuna aliyeweza kuzilinganisha. Mmoja alikuwa amepima kwa pishi, mwingine kwa kibaba, na wote wanabishana nani ana mchele mwingi.

Hapo ndipo subira ya Killourhy na Maxion inapoanza kuonekana, nayo inaanzia kwenye saa.

Mtu anapobonyeza kitufe, kidole hukaa juu yake kwa muda wa kama sehemu ya kumi ya sekunde, yaani milisekunde 100 hivi, pengine pungufu. Tofauti kati ya mtu na mtu inaweza kuwa milisekunde 20, au 10. Sasa, kompyuta ya kawaida ya wakati ule, yenye Windows, ilikuwa na saa ya ndani inayosogea kwa hatua za milisekunde 15 hivi. Vitendo viwili vikitokea ndani ya hatua moja, saa hiyo inaviona vimetokea pamoja. Kumpima mchapaji kwa saa ya aina hiyo ni kuitupa sehemu kubwa ya kile unachokitafuta kabla hujaanza kukitafuta. Wawili hao walikwisha kuandika makala nzima juu ya jambo hili mwaka 2008, wakionyesha kwamba saa butu inaongeza makosa ya utambuzi. Msomaji mwenye haraka angeiruka makala hiyo. Mimi naiona ndiyo msingi wa nyumba yote.

Kwa hiyo hawakuiamini saa ya kompyuta. Waliunganisha kipima muda cha nje, kilicho peke yake, kisichosumbuliwa na shughuli nyingine za mashine. Kisha, kabla hata mtu mmoja hajaketi kuchapa, wakakipima kipimo chenyewe: walichukua kifaa cha kuzalisha mawimbi ya umeme, wakakifanya kiigize mibonyezo ya vitufe kwa vipindi wanavyovijua, wakaangalia kama kipima muda kinasema kweli. Kilikosea kwa kiasi kisichozidi maikrosekunde 200, yaani moja ya tano ya milisekunde. Baada ya kuridhika na hilo ndipo walipoita watu.

Waliokuja walikuwa wanaume 30 na wanawake 21; wenye kutumia mkono wa kushoto walikuwa 8. Kompyuta ilikuwa moja, kibodi ni ya kuchomeka, ile ile kwa wote. Skrini inaonyesha neno, mtu analichapa, anabonyeza Enter. Akikosea herufi moja, neno zima linafutwa na anaanza upya. Hakuna kurudi nyuma na kusahihisha, kwa sababu kurudi nyuma nako kuna mwendo wake, na hapa kinachotakiwa ni mwendo wa neno moja, safi, tangu nukta hadi Enter. Akifikisha mara 50 bila kosa, kikao kimekwisha, jambo lililochukua kama dakika 3 kwa mtu wa kawaida. Anaondoka. Haruhusiwi kufanya kikao kingine siku hiyo hiyo. Anarudi siku nyingine, anachapa 50 nyingine, mpaka vikao vitimie 8.

Kwa nini siku mbalimbali? Ingekuwa rahisi kumkalisha mtu asubuhi moja na kumaliza. Lakini mkono wa leo si mkono wa kesho. Siku moja umelala vizuri, siku nyingine umechoka, siku nyingine baridi imekushika vidole. Vilevile mkono hujifunza: neno lililokuwa mzigo siku ya kwanza, siku ya tano vidole vinalikimbilia vyenyewe. Mfumo unaomjua mtu kwa asubuhi moja tu haumjui.

Sasa tuangalie kinachoandikwa kwenye daftari la mashine. Kila kitufe kina matukio mawili, kushuka na kupanda. Kutokana na hayo unapata vipimo vya aina tatu. Upo muda wa kushikilia: tangu kitufe kishuke hadi kipande. Upo muda wa kutoka kushuka kwa kitufe kimoja hadi kushuka kwa kinachofuata. Na upo muda wa kutoka kuachia cha kwanza hadi kubonyeza cha pili, na huu ndio unaonipendeza zaidi, kwa kuwa unaweza kuwa chini ya sifuri. Mchapaji mwepesi hubonyeza cha pili kabla hajaachia cha kwanza; kwa kitambo kidogo vitufe vyote viwili viko chini. Yeye mwenyewe hana habari. Ukimuuliza atakwambia anabonyeza kimoja baada ya kingine. Ukihesabu Enter, neno lile lina vitufe 11, na vipimo vyake ni 31: vya kushikilia 11, vya kushuka hadi kushuka 10, vya kuachia hadi kubonyeza 10. Mtu akichapa mara moja, ameacha namba 31 nyuma yake.

Fuata vidole vya mtu aliyefundishwa kuchapa kwa vidole kumi. Nukta inabonyezwa na kidole cha pete cha mkono wa kulia. Herufi t ni ya kidole cha shahada cha kushoto, i ya kidole cha kati cha kulia, e ya kidole cha kati cha kushoto. Hadi hapo mikono inapokezana, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na mmoja unajiandaa wakati mwenzake anafanya kazi. Kisha inakuja 5. Mkono ni ule ule wa kushoto, na sasa kidole cha shahada kinapaswa kupanda hadi mstari wa juu kabisa, mahali ambapo watu wengi hawafiki bila kutazama chini. Baada yake inakuja R, herufi kubwa. Kidole kile kile cha shahada kilichokuwa kwenye 5 lazima kiondoke, kishuke hadi R, huku kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikishikilia Shift. Hapa hakuna kuwahi: kidole kimoja hakiwezi kuwa juu ya vitufe viwili, kwa hiyo kwa mchapaji huyu ule muda wa chini ya sifuri hauwezekani. Hapa ndipo watu wanapokwama, na kila mmoja anakwama kwa namna yake. Mwingine huacha kidole kikining'inia hewani akitafuta Shift. Mwingine, ambaye hakufundishwa na hutumia vidole viwili tu, hupita hapo kwa mwendo ule ule aliokuwa nao tangu mwanzo. Baada ya R mikono inapokezana tena kwenye o, a na n, kisha mkono wa kulia unamaliza peke yake: n, l, Enter.

Jozi za herufi hutegemea lugha, na hapa anayechapa Kiswahili anaweza kujipima mwenyewe papo hapo. Chapa na. Mkono wa kulia unapiga n, wa kushoto unapiga a, kazi imekwisha. Chapa ki. Herufi zote mbili ni za kidole cha kati cha kulia, kinachopaswa kuachia k na kupanda hatua moja. Sasa chapa nyumba. Kwa vidole kumi, n, y, u na m zote ni mali ya kidole kimoja, cha shahada cha kulia: kinaanza chini, kinaruka hadi juu, kinasogea kando, kinarudi chini, ndipo mkono wa kushoto unapokuja kusaidia kwa b na a. Neno tunalolichapa kila siku, na ndani yake kidole kimoja kimefanya kazi ya wanne. Mwenye kuunda kipimo kwa ajili ya waandishi wa Kiswahili hapaswi kuazima jozi 5 za makarani wa California. Aketi na maandishi yetu, ahesabu ni jozi zipi zinajirudia, aangalie ni vidole vipi vinazichapa, aanzie hapo.

Tunafika kwa hakimu, yaani hesabu inayoamua. Killourhy na Maxion walichukua njia 14 zilizokwisha kupendekezwa na watafiti mbalimbali, wakaziandika upya zote, wakazipa data ile ile. Kila njia ilipewa marudio 200 ya kwanza ya mtu ili imjue. Kisha ikaonyeshwa marudio yake 200 ya mwisho, ambayo inapaswa kuyakubali, na marudio 250 ya watu wengine, matano ya mwanzo ya kila mmoja wa wale 50 waliobaki, ambayo inapaswa kuyakataa.

Iliyoshinda haikuwa na madoido. Inahesabu wastani wa kila kimoja kati ya vipimo 31 vya mtu, na inahesabu pia ni kwa kiasi gani mtu huyo huyumba kuzunguka wastani wake. Anapokuja mgeni, inatazama amekwenda mbali kiasi gani na wastani katika kila kipimo, inagawanya umbali huo kwa kiasi cha kuyumba, inajumlisha. Tuseme kwa kawaida unashikilia t kwa milisekunde 90 na huyumba kwa 10 tu. Leo umeshikilia kwa 110. Umbali ni 20, ukigawanya kwa 10 unapata 2. Tuseme pia kutoka 5 hadi R hukuchukua milisekunde 400 lakini siku nyingine 300 na nyingine 500, kwa hiyo kuyumba kwako ni 100. Leo umetumia 450. Umbali ni 50, mkubwa kuliko ule wa t, lakini ukigawanya kwa 100 unapata nusu. Hesabu inakubana pale ulipo imara na kukusamehe pale usipotulia. Ikiwa jumla imepita kiwango fulani, mlango haufunguki.

Njia hiyo ilikosea kwa asilimia 9.6, katika kiwango ambacho kumkataa mwenyewe na kumkubali mgeni hutokea kwa uwiano sawa. Mtandao wa nyuroni uliofundishwa kwa mtindo wa kawaida, ambao kwa jina lake ungedhani ndio wa maana zaidi, ulikosea kwa asilimia 82.8. Nakiri kwamba matokeo hayo yanapendeza kusoma, ingawa isichukuliwe kwamba mitandao ya nyuroni haifai. Miaka zaidi ya 10 baadaye, watafiti wa Madrid waliunda mtandao uitwao TypeNet kwa data iliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland, mibonyezo milioni 136 ya watu 168,000, na kwenye kibodi ya kawaida kosa likashuka hadi asilimia 2.2. Kwenye skrini ya kugusa lilibaki 9.2.

Je, asilimia hizo zinatosha? Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kuruhusu watu kuingia, EN 50133-1, kilitaka mwenyewe akataliwe chini ya asilimia 1, na mgeni akubaliwe kwa asilimia isiyozidi 0.001. Killourhy na Maxion walikitaja kiwango hicho katika taarifa yao wenyewe, wakasema wazi kwamba hakuna njia iliyokuwa imekifikia. Wangeweza kunyamaza. Ni nadra kwa mtu aliyejenga kitu kwa uangalifu kiasi hicho kuweka kando yake rula inayoonyesha kwamba ni kifupi.

Mkono wa mchapaji, basi, usipewe mlango peke yake. Mahali pake ni pembeni ya ulinzi mwingine, na huko tayari unatumika. Kampuni ya Coursera, ilipoanzisha vyeti vyenye kuthibitishwa mwaka 2013, iliwataka wanafunzi wachape sentensi fupi pamoja na kupigwa picha, ili wakati wa kuwasilisha kazi ijulikane kama ni wao. Baadhi ya benki za Ulaya huangalia mwendo wa vidole baada ya mteja kuingia. Ukibadilika ghafla, wanauliza swali la ziada. Aliyejikata kidole cha shahada asubuhi ataulizwa pia, na hana kosa. Aliyebadilisha kompyuta ya mezani kwa ya mapajani vilevile.

Tena kuna upande ambao fundi mwaminifu haufichi. Alama ya kidole kwa kawaida huchukuliwa mtu anapoweka kidole. Mwendo wa kuchapa unaweza kuchukuliwa na ukurasa wowote unaokuruhusu kuandika, nawe hujui. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika maana yake ya data za kibayometria, imeingiza pia sifa za tabia ya mtu, kwa hiyo mwenye kukusanya mapigo ya vidole vya Wakenya hawezi kudai kwamba ni takwimu za kiufundi tu.

Data ya Pittsburgh iliwekwa hadharani yote: watu 51 wasiotajwa majina, mistari 20,400, kila mmoja na namba zake 31. Mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta na intaneti, awe Dodoma au Kisumu, anaweza kuipakua leo, akaiandika upya ile hesabu ya wastani na kuyumba, akaona kama atapata 9.6. Ndiyo sababu hadi sasa watafiti wanaendelea kujipima kwa neno lile lisilo na maana. Na mtu akikuletea ofisini programu ya kuwatambua wafanyakazi kwa kuchapa kwao, akaanza na asilimia zake, msimamishe kidogo. Muulize alipima kwa saa gani, na watu wake walirudi siku ngapi.